Uhakiki: Orodha za Abiria za Ellis Island na Babu Aliyepandia Meli Kwingine

Huduma ninayoihakiki hapa ni hifadhidata ya abiria wa meli inayoendeshwa na Statue of Liberty–Ellis Island Foundation, taasisi ya Marekani isiyotafuta faida, ambayo humruhusu mtu yeyote mwenye intaneti kutafuta bila malipo majina ya watu walioingia nchini humo kupitia bandari ya New York. Nimeitumia kwa muda wa miezi mitano kwa niaba ya mama mmoja mzee wa Brooklyn, aliyetaka kujua babu yake mzaa baba, mzaliwa wa Barbados, aliingia lini na kwa meli gani. Mama huyo alikuwa na mambo matatu tu mkononi: jina kamili la babu, mwaka wa kukisia wa kuzaliwa kwake, na maneno ya marehemu baba yake kwamba mzee alikuja “moja kwa moja kutoka kwao”. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotupotezea muda kuliko kitu kingine chochote.

Niseme mapema kwamba naisifu huduma hii, na ningemshauri kila anayetafuta wazee wake walioingia New York aanzie hapo kabla hajatoa hata senti moja kwingine. Hata hivyo, sifa zangu haziendi kwenye kisanduku cha kutafutia, ambacho ndicho wengi hukitumia kuipima tovuti ya namna hii. Zinakwenda kwenye picha za karatasi zenyewe. Faharasa, yaani yale majina yaliyochapwa ili kompyuta iweze kuyatafuta, ni kazi ya msomaji wa zama zetu aliyekaa mbele ya mwandiko wa karani wa zamani akaandika kile alichodhani anakiona. Karatasi ndiyo iliyokuwa mikononi mwa mkaguzi siku ile meli ilipotia nanga. Tofauti kati ya vitu hivi viwili ndiyo tofauti kati ya mtu anayesema “babu hayumo” na mtu anayempata.

Hazina hii ilifunguliwa kwa umma Aprili 2001, ikiwa na kumbukumbu za abiria wapatao milioni 22 walioingia kati ya 1892, mwaka ambao Ellis Island, kituo cha kukagulia wahamiaji kilichokuwa kisiwani katika bandari ya New York, kilianza kazi, na 1924, mwaka ambao sheria ya mgawo kwa mataifa iliubana mlango. Majina hayo yalichapwa na watu wa kujitolea wapatao 12,000 wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo limejijengea jina katika kazi ya kuhifadhi nasaba. Baadaye hifadhidata ilipanuliwa, na sasa ina kumbukumbu takriban milioni 65 zinazoanzia 1820 na kuishia 1957. Mwaka 1820 una sababu yake: sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwezi Machi 1819 ndiyo iliyomlazimisha kila nahodha anayetoka ng'ambo kumkabidhi ofisa wa forodha orodha ya abiria wake, pamoja na umri, jinsia, kazi na nchi ya kila mmoja. Kwa miaka ya kabla ya hapo, mtafutaji hana budi kuokoteza vipande hapa na pale.

Upanuzi huo ni wa maana kuliko unavyoonekana, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kila mhamiaji alipitia Ellis Island. Aliyefika 1870 alipitia Castle Garden, kituo kilichofanya kazi kuanzia 1855 hadi 1890 kwenye ncha ya kusini ya Manhattan; aliyefika 1840 hakupitia kituo chochote, aliteremka gatini akashika njia yake. Hata katika enzi ya Ellis Island yenyewe, abiria wa daraja la kwanza na la pili kwa kawaida walikaguliwa humo humo melini, na ni wale wa daraja la chini waliosafirishwa kwa mashua hadi kisiwani. Orodha, hata hivyo, ziliwahusu wote, na kila daraja lilikuwa na karatasi zake. Ndiyo maana mtu akimkosa babu kwenye kurasa za daraja la chini asikate tamaa kabla hajafunua za daraja la pili, kwani wako waliojinyima miaka mingi ili wasipitie kwenye foleni ya kisiwani.

Kuna jambo jingine linalosemwa sana na ambalo si kweli. Jengo la kwanza la Ellis Island, lililokuwa la mbao, liliungua usiku mmoja wa Juni 1897 pamoja na kumbukumbu nyingi za uhamiaji za tangu 1855, na tangu hapo watu husema kwamba orodha zote za kabla ya moto ziliteketea. Orodha zilizokuwa mikononi mwa forodha zilihifadhiwa mahali pengine, na ndizo tunazozisoma leo. Kilicho kweli, na cha kusikitisha, ni kwamba karatasi za New York za kuanzia Juni 1897 zilipigwa picha kwenye mikrofilamu, yaani filamu ya picha ndogo mno, katika miaka ya 1940 kisha zenyewe zikaharibiwa. Kwa hiyo ukikutana na ukurasa wa miaka hiyo uliofifia, au wenye doa jeusi juu ya jina unalolitaka, ujue hakuna karatasi popote ya kwenda kuipiga picha upya. Tovuti haipaswi kulaumiwa kwa hilo.

Sasa nije kwenye matumizi. Mtu hufungua akaunti ya bure, huandika jina la kwanza na la ukoo, kisha huletewa orodha ya wanaokaribiana, ambayo anaweza kuipunguza kwa mwaka wa kuwasili, umri, jinsia, meli au bandari ya kuondokea. Ukimchagua mmoja, unaoneshwa kwanza muhtasari uliochapwa, kisha picha ya ukurasa wa orodha, na kwa meli nyingi kuna picha ya meli yenyewe. Taasisi huuza nakala nzuri za karatasi hizo kwa wanaotaka kuzitundika ukutani, na hakuna ubaya katika hilo. Kusoma picha kwenye skrini hakuna malipo, na kwa utafiti kusoma ndiko kunakotakiwa.

Kosa la kwanza la watumiaji wengi, nami nililifanya, ni kujaza kila nafasi iliyopo. Kadiri unavyoongeza masharti ndivyo unavyoongeza uwezekano wa sharti moja kuwa la uongo na kukufungia mlango wote. Umri ni wa kukisia, mwaka ni wa kukisia, na jina limepitia mikono ya watu wawili: karani aliyelisikia na msomaji aliyelichapa. Katika mwandiko wa miaka ile herufi S kubwa hufanana na L, T hufanana na F, u na n hazitofautiani kabisa, na jina la ukoo lenye herufi nane linaweza kuharibika katika sehemu tatu bila yeyote kufanya uzembe. Hali hii ipo katika faharasa zote za dunia zilizotokana na mwandiko wa mkono. Njia niliyoiona inafanya kazi ni kuandika kidogo mno, jina la ukoo na miaka kumi ya kuwasili basi, kisha kupunguza hatua kwa hatua. Na jina likikataa kabisa, kuliacha na kutafuta kwa jina la kwanza, umri na mahali alipotoka.

Hapa inafaa niseme neno kuhusu ile hadithi ya kwamba wakaguzi wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina. Inapendwa, imerithishwa, na karibu kila familia inayo. Lakini mkaguzi wa kisiwani hakuwa anaandika majina. Alikuwa na karatasi iliyokwisha kujazwa na makarani wa kampuni ya meli katika bandari ya kuondokea, naye kazi yake ilikuwa kumuuliza abiria maswali na kulinganisha majibu na kilichoandikwa. Kampuni ya meli nayo ilikuwa na sababu ya kuandika kwa uangalifu, kwani abiria aliyekataliwa ilibidi imrudishe kwa gharama yake yenyewe. Majina mengi yalibadilika baadaye, kwa hiari ya wenyewe, walipoanza kazi au kuomba uraia. Kwa mtafutaji maana yake ni hii: jina lililomo kwenye orodha ya meli lina uwezekano mkubwa wa kuwa la kule alikotoka, katika tahajia ya kule, na jina lile la Kimarekani unaloliona kwenye kaburi huenda lisikusaidie kitu.

Tulivyompata babu wa Barbados inaonesha vizuri mahali ambapo chombo hiki kina nguvu na mahali ambapo kinakutegemea wewe. Kwa wiki saba niliweka Bridgetown, bandari ya Barbados, kama mahali pa kuondokea, kwa sababu familia ilisema alitoka moja kwa moja kwao. Walikuja watu kumi na wawili wenye jina linalofanana, na hakuna aliyekubaliana na umri wala kazi. Nilimrudia mama na kumwuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza siku ya kwanza: huyu mzee alikuwa akifanya kazi gani kabla hajafika Marekani? Akasema bila kufikiri kwamba alikuwa mtu wa kuchimba mfereji.

Mfereji wa Panama ulijengwa na Wamarekani kati ya 1904 na 1914, na maelfu kwa maelfu ya vijana wa Barbados waliajiriwa kwenda kuuchimba. Kazi ilipokwisha, wengine walirudi kwao, wengine walibaki, na wengine walipanda meli kwenda New York wakitokea huko huko Panama, kwenye bandari ya Cristobal. Niliondoa Bridgetown, nikaweka Cristobal, na jina likatoka kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu: mwaka 1916, meli ya Allianca ya Kampuni ya Reli ya Panama, umri miaka 27, kazi kibarua. Hifadhidata ilikuwa naye muda wote. Sisi ndio tuliokuwa tukimtafuta kwenye gati ambalo hakulikanyaga.

Karatasi yenyewe inastahili kusomwa polepole. Kuanzia 1907 orodha hizi zina safu 29 zilizotandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na mistari 30 ya abiria. Ukurasa wa kushoto una jina, umri, jinsia, ndoa, kazi, kujua kusoma na kuandika, uraia, kabila au asili, makazi ya mwisho, jina na anwani ya ndugu wa karibu katika nchi aliyotoka, na mahali anapokwenda. Ukurasa wa kulia unaendelea: nani kamlipia nauli, ana dola 50 au chini yake kiasi gani, amewahi kufika Marekani kabla, anakwenda kwa nani, amewahi kufungwa jela, ana wake wengi, anaamini katika kupinga serikali zote, afya yake, urefu wake, rangi ya ngozi, nywele na macho, alama za mwilini, na mwishoni kabisa mahali alipozaliwa. Watu wengi hufungua picha moja, huhifadhi ukurasa wa kushoto, hufurahi na kuondoka, bila kujua kwamba picha inayofuata ndiyo yenye nusu ya pili ya mtu wao. Mstari wake ni ule ule. Ukiwa wa 14 kushoto, uhesabu hadi 14 kulia.

Kwa babu yetu, safu ya uraia ilisema Uingereza, kwa kuwa Barbados ilikuwa koloni lake, na safu ya asili ilisema Mwafrika mweusi, ambalo ndilo fungu walilowekwa watu wengi wa visiwa vya Karibi. Mtu atakayechuja matokeo kwa uraia wa Barbados hatampata hata mmoja wao. Makazi ya mwisho: Panama. Ndugu wa karibu: mama yake, parokia ya St. Philip, Barbados. Kwa neno hilo moja, mama wa Brooklyn alipata kitu ambacho familia nzima ilikuwa imekisahau, yaani sehemu ya kisiwa walikotoka. Nauli alijilipia mwenyewe. Fedha alizokuwa nazo, dola 22. Alikuwa anakwenda kwa binamu yake, Mtaa wa 134, New York. Urefu futi tano na inchi saba, na kwenye alama za mwilini karani ameandika kovu juu ya jicho la kushoto. Mama aliposikia habari ya kovu alinyamaza kidogo, kisha akasema babu alikuwa akivaa kofia daima, hata mezani, na hakuna aliyejua kwa nini.

Kuna pia maandishi yaliyoongezwa juu ya orodha baada ya safari, ambayo faharasa haiyataji kabisa. Alama ya X kwenye pambizo la kushoto huonesha abiria aliyezuiliwa kwa muda. Herufi SI ni za aliyepelekwa mbele ya baraza la uchunguzi maalumu, na LPC ni za yule aliyedhaniwa kwamba angekuja kuwa mzigo kwa umma, sababu iliyotumika sana kuwarudisha watu. Jina lililokatwa kwa mstari lina maana nyingi: pengine mtu hakusafiri, pengine alihamishwa daraja na jina lake limeandikwa upya ukurasa mwingine. Na ukiona tarakimu zimebanwa ndani ya safu ya kazi, pamoja na tarehe ya miaka mingi baada ya kuwasili, usizipuuze. Kwa aliyeingia baada ya Juni 1906, kuomba uraia kulihitaji serikali ithibitishe kwanza kuingia kwake, na hasa tangu 1926 makarani waliokuwa wakithibitisha waliandika namba ya jalada na tarehe juu ya orodha yenyewe. Kwenye mstari wa babu ipo tarehe ya 1938. Tulikuwa tukidhani hakuwahi kuwa raia. Sasa tunajua mwaka wa kutafuta maombi yake ya uraia.

Pamoja na tovuti kuu nilitumia vyombo vingine vitatu, na inafaa nivilinganishe japo kwa ufupi. Cha kwanza ni kurasa za Stephen P. Morse, mhandisi yule yule aliyebuni usanifu wa kichakataji cha Intel 8086, ambaye tangu 2001 amekuwa akitengeneza fomu zake za kutafutia ndani ya hifadhidata za wengine. Kwa macho kurasa hizo ni za kizamani na hazina mapambo yoyote, lakini kwa mtu aliyekwama hazina mpinzani: unaweza kutafuta kwa sauti ya jina badala ya tahajia, kwa mji wa kutokea, kwa herufi chache za mwanzo, au kuliacha jina kabisa na kwenda moja kwa moja kwenye orodha za meli fulani ya siku fulani ukasoma ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya viungo vyake vinaishia kwenye hifadhidata za kulipia, jambo ambalo mtu alijue kabla.

Cha pili ni FamilySearch, tovuti ya nasaba ya kanisa lile lile nililolitaja, nayo ni ya bure kwa mwenye akaunti. Ubora wake mkubwa ni kwamba haijafungwa kwenye New York. Hili lina uzito, kwa sababu wako walioteremka Boston, Philadelphia, Baltimore, New Orleans, Galveston na San Francisco, na wako waliopitia Kanada, kwa kuwa safari ya kwenda huko mara nyingi ilikuwa nafuu, kisha wakavuka mpaka kwa treni; hao wa mwisho kumbukumbu zao, kuanzia 1895, ziko katika fungu linaloitwa orodha za St. Albans. Watu wa Cape Verde, ambao ni miongoni mwa Waafrika wachache waliohamia Marekani kwa hiari katika zama za matanga, waliingia zaidi kupitia New Bedford, Massachusetts, na anayewatafuta kwenye orodha za Ellis Island atachoka bure. Kwa San Francisco hali ni mbaya kwa wote, kwani moto wa 1851 na ule wa 1940 uliharibu orodha nyingi za bandari hiyo.

Cha tatu ni tovuti moja ya kulipia ambayo sitaitaja jina. Niliijaribu kwa siku zile za bure wanazotoa, nikasahau kujiondoa usiku wa mwisho, na asubuhi nikakuta nimekwisha katwa malipo ya miezi sita. Kuomba nirudishiwe kulichukua barua nne na maelezo ambayo kila aliyejibu alitaka niyaanze upya. La kuudhi zaidi ni kwamba picha waliyonionesha ya babu ilikuwa ile ile ya mikrofilamu niliyokwisha kuiona bure, ila imezungukwa na matangazo ya vipimo vya vinasaba. Siwezi kusema tovuti za kulipia hazina faida; zinaunganisha kumbukumbu za sensa, vita na ndoa mahali pamoja, na kwa mwenye ukoo mkubwa hilo huokoa muda. Kwa orodha za meli za New York peke yake, sikuona sababu ya kulipia.

Naongeza pia kwamba upande wa kuondokea usisahaulike, hasa kwa waliotoka Ulaya. Hamburg ina orodha zake za kuondoka kuanzia 1850 hadi 1934, zenye jina la mji au kijiji cha abiria, jambo ambalo orodha za Marekani za karne ya 19 hazikuwa zikiuliza. Kwa Bremen, bandari iliyosafirisha watu wengi vile vile, sehemu kubwa ya orodha haipo tena. Uingereza imehifadhi orodha za waliotoka kuanzia 1890 hadi 1960.

Onyo moja kubwa linahusu raha ya kumpata mtu upesi mno. Abiria wa kwanza kuandikishwa Ellis Island, tarehe 1 Januari 1892, alikuwa msichana wa Kiayalandi aitwaye Annie Moore, aliyefika na wadogo zake wawili kwa meli ya Nevada. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba ndiye Annie Moore aliyehamia Texas, na ukoo wa huyo wa Texas ulialikwa kwenye sherehe kwa heshima hiyo. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alionesha kwamba yule wa Texas alizaliwa Illinois, hapa hapa Marekani, na kwamba Annie wa meli hakuondoka New York. Aliishi maisha magumu upande wa mashariki ya chini ya Manhattan na kuzikwa Queens katika kaburi lisilo na jiwe. Ikiwa mtu maarufu namna hiyo aliweza kupewa ukoo usio wake, babu zetu wasiojulikana ni rahisi zaidi. Jina na umri peke yake havitoshi. Kwa babu wa Barbados sikuthubutu kusema ndiye mpaka jina la mama yake lilipolingana na cheti cha ubatizo ambacho familia ilikuwa nacho kwenye sanduku.

Kwa hiyo, nikiipima huduma hii: kwa wingi wa kumbukumbu na kwa ubure wake, sina la kuongeza. Kwa picha, ni nzuri kadiri mikrofilamu inavyoruhusu. Kwa utafutaji, ni ya wastani, na mtu aitumie bega kwa bega na fomu za Morse. Ninachokitamani ni maelezo ya wazi zaidi, pale pale chini ya picha, kwamba ukurasa una mwenzake wa kulia na kwamba mwisho wa orodha ya kila meli kuna kurasa nyingine za waliozuiliwa. Mgeni hawezi kulijua hilo kwa kubahatisha.

Kurasa hizo za waliozuiliwa ndizo tulizomalizia. Mke wa babu alifuata mwaka 1921, kwa meli ya Vestris, akitokea Barbados yenyewe, na kwenye pambizo lake ipo X. Niliruka hadi mwisho wa orodha ya meli ile, nikapita kurasa za mabaharia, nikamkuta. Sababu ya kuzuiliwa: anamsubiri mumewe. Mwanamke hakuruhusiwa kuondoka kisiwani peke yake mpaka ajulikane anapokelewa na nani. Upande wa kulia wa karatasi kuna safu tatu nyembamba ambazo serikali ilizitumia kuidai kampuni ya meli gharama za chakula: kifungua kinywa, mlo wa mchana, mlo wa jioni. Kwa jina lake karani ameandika 1, 2, 1. Aliachiliwa siku ya pili, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akakabidhiwa kwa mumewe, Mtaa wa 134.